Kwaya Kwanza: Jinsi Opera ya Wales Ilivyojengwa Kutoka Chini

Kampuni nyingi za opera barani Ulaya zilianzishwa na mfalme, manispaa au tajiri aliyejenga jumba kwanza, kisha akatafuta wa kuimba ndani yake. Welsh National Opera ilizaliwa kinyume cha hivyo. Mwaka 1943, vita vikiendelea, mwalimu wa uimbaji aitwaye Idloes Owen aliwakusanya waimbaji mjini Cardiff ili waanzishe opera ya Wales. Owen mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe kabla ya kuwa mwanamuziki. Alisaidiwa na John Morgan, aliyewahi kuimba katika kampuni ya opera ya Carl Rosa, na Helena Hughes Brown. Jumba hawakuwa nalo, wala okestra. Walikuwa na watu waliojua kuimba pamoja, na mambo mengine yote yalifuata baadaye.

Utajiri huo wa sauti haukutokea kwa bahati. Mabonde ya kusini mwa Wales yalijaa machimbo, na penye machimbo palikuwa na makanisa, na kila kanisa lilikuwa na kwaya yake. Tangu karne ya 19 watu wengi walijifunza muziki kwa nota za do-re-mi, zile zile zilizoletwa na wamisionari katika kwaya za kwetu Afrika Mashariki. Kwa njia hiyo mtu asiye na piano nyumbani, ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha muziki, huweza kushika sauti yake ndani ya wimbo wa sauti nne na asipotee. Tena yalikuwapo mashindano ya eisteddfod, ambako kwaya zilipimwa mbele ya umma. Kwa hiyo Owen hakuanza na watu wa kufundishwa kuanzia sifuri. Alihitaji kuwafundisha kuigiza na kutembea jukwaani.

Msimu wa kwanza wa opera ulifunguliwa Aprili 1946 katika ukumbi wa Prince of Wales, Cardiff, kwa kazi mbili fupi, Cavalleria rusticana na Pagliacci. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Zote mbili ni hadithi za watu wa kijijini, na ndani yake umati una kazi ya kweli ya kufanya: unasali, unakunywa, unashuhudia mauaji. Kwaya ya Cardiff ilikuwa na madaktari, wauguzi, wachimba makaa na wauza duka, nao hawakulipwa. Fedha zilikwenda kwa okestra, waimbaji wakuu na ukumbi. Aliyesimamia hesabu hizo kwa takribani miaka 20 akiwa mwenyekiti ni mfanyabiashara wa Cardiff, Bill Smith, na naamini historia ya kampuni hii haimpi nafasi anayostahili. Owen alifariki mwaka 1954. Kampuni haikuyumba, kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekuwa akiangalia daftari.

Uamuzi uliowatoa Wales na kuwaweka kwenye ramani ulifanywa mwaka 1952, walipoigiza Nabucco ya Verdi. Wakati huo opera hiyo ilikuwa karibu haijulikani nchini Uingereza. Tuitazame kwa jicho la mtu anayepanga bajeti. Ukiigiza La traviata, mafanikio yako yako kwenye koo la mwanamke mmoja, na waimbaji wa kiwango hicho ni ghali. Katika Nabucco uzito mkubwa uko kwa kwaya, maana wahusika wake halisi ni taifa zima la Waebrania walio utumwani. Wimbo wao mashuhuri unaanza kwa sauti moja, watu wote wakiimba melodia ile ile kwa upole, na unapofika kileleni ndipo sauti zinapotawanyika. Kuimba namna hiyo kunadai pumzi ya pamoja, matamshi ya pamoja na masikio yanayosikilizana. Kwaya ya kukodi kwa wiki mbili haiwezi kuyapata hayo upesi. Watu wa Cardiff, waliokuwa wakikutana jioni mwaka baada ya mwaka, walikuwa nayo tayari. Ndiyo sababu, baada ya Nabucco, kampuni ilizidi kuzifukua opera za Verdi zilizosahaulika, zikiwamo The Sicilian Vespers na I Lombardi. Mwaka 1955 walipokwenda kuimba London katika ukumbi wa Sadler's Wells, kwaya ndiyo iliyozungumzwa.

Lakini mpango huo ulikuwa na kikomo. Mwuguzi na mchimba makaa wana zamu zao. Hawawezi kufanya mazoezi saa nne asubuhi, wala kuzunguka miji kwa miezi. Kila msimu uliporefuka, pengo kati ya kazi za mchana na jukwaa la usiku lilipanuka. Hapa uongozi ulifanya jambo gumu kwa utaratibu mzuri, nami nalihesabu kuwa kazi bora kabisa ya utawala katika historia ya kampuni hii. Mwaka 1968 waliunda kikundi kidogo cha waimbaji wa kulipwa, kikaimba sambamba na wale wa ridhaa. Mwaka 1970 wakapata okestra yao wenyewe, badala ya kukodi za miji mingine. Waimbaji wa ridhaa walipanda jukwaani mara ya mwisho mwaka 1973. Kwa miaka mitano, basi, wageni wa kulipwa waliimba bega kwa bega na wenyeji, wakarithi namna yao ya kuimba. Kama wale wa zamani wangeondolewa kwa barua moja, kampuni ingepata sauti safi na kupoteza tabia yake.

Matunda yake yalionekana chini ya Brian McMaster, mkurugenzi mkuu kuanzia 1976 hadi 1991, akifanya kazi na mkurugenzi wa muziki Richard Armstrong kwa miaka kumi ya mwanzo. McMaster aliwaita waongozaji wa jukwaa kutoka Ujerumani Mashariki: Joachim Herz, Harry Kupfer, Ruth Berghaus. Katika shule yao ya uigizaji, mwimbaji wa kwaya hasimami kama nguzo. Kila mmoja ana jina lake, hofu yake na sababu ya kuwa pale. Mtindo huo haufanyi kazi kwa kwaya isiyo ya kudumu, kwani unahitaji wiki nyingi za mazoezi na watu wanaoaminiana. Wakati huo huo David Pountney aliendelea kuongoza mfululizo wa opera za Janáček kwa ushirikiano na Scottish Opera, ulioanza na Jenůfa mwaka 1975; gharama ziligawanywa na kampuni mbili, na kila moja ikapata kazi ambayo peke yake isingeimudu. Mwaka 1986 Peter Stein aliongoza Otello, inayofunguliwa na kwaya ikipambana na dhoruba baharini. Mwaka huo huo kampuni hii ya mkoani ilipeleka mzunguko mzima wa Ring ya Wagner katika jumba la Covent Garden, London.

Suala la jengo nalipitia haraka, maana si kiini. Zaha Hadid alishinda shindano la kuchora jumba la opera la Cardiff Bay mwaka 1994. Mwaka uliofuata mradi huo ukanyimwa fedha za bahati nasibu ya taifa. Mwaka 2004 kampuni ilihamia Wales Millennium Centre, jengo linalotumiwa na taasisi nyingine pia.

Tatizo la leo ni la ruzuku. Kwa kuwa kampuni inazunguka Wales na England, inalipwa na mabaraza mawili ya sanaa, la Wales na la England. Novemba 2022 lile la England lilikata mchango wake kwa asilimia 35, hadi pauni milioni 4 kwa mwaka. Liverpool ikaondolewa kwenye ziara. Mwaka 2024 waimbaji wa kwaya walipiga kura kuunga mkono mgomo, wakipinga mpango wa kupunguza mishahara na nafasi zao. Januari 2025 Adele Thomas na Sarah Crabtree waliingia madarakani kwa pamoja kama wakurugenzi wakuu, wakairithi hesabu hiyo.

Kwenye daftari, kwaya inaonekana kama gharama moja kati ya nyingi, na tena kubwa. Nyumba nyingine za opera zinaweza kuipunguza na zikabaki zilivyo. Hii haiwezi, kwa sababu kila jambo kubwa lililofanywa na kampuni hii, kuanzia Nabucco hadi Kupfer, lilitegemea watu wale wale kuimba pamoja miaka mingi. Mandhari ya jukwaani yanaweza kukodiwa, na waimbaji wakuu huja na kuondoka. Mabaraza hayo mawili yakae meza moja, yakubaliane idadi ya chini ya waimbaji wa kudumu wa kwaya na kuilipia kwa miaka kadhaa mfululizo, ndipo yaanze kujadili miji ya ziara.