Sanamu ya Ujamaa na Ukuta wa Ofisi

Katika mijadala yetu ya fani na maudhui tumezoea kuhakiki riwaya na ushairi, tukausahau mpingo unaosimama kwenye meza za mapokezi. Tuiangalie sanamu ya Kimakonde iitwayo Ujamaa. Mtindo huu unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji na kuuleta Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, ukijulikana kama dimoongo. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa bado.

Fani yake ni mzunguko. Gogo moja, watu wengi: huyu kamkanyaga yule begani, yule kamshika mwingine kiunoni, wala hakuna anayeweza kutolewa bila kuwavunja wenzake. Haina mbele wala nyuma. Msomaji wake, basi, sharti aizunguke.

Sasa maofisini hufanywaje? Hubanwa ukutani, chini ya kalenda na picha ya Rais. Nusu ya hao wanaowabeba wenzao wanatazama rangi ya ukuta! Ni sawa na kuchapa tamthilia ukafuta maneno ya nusu ya wahusika. Hapo maudhui hugeuka: kilichokuwa umoja hubaki pambo la cheo.

Wapo watakaosema nafasi ni finyu, itaangushwa. Haya, iwekwe juu ya kigoda kizito, hatua mbili kutoka ukutani. Gharama yake nini? Asiyetaka watu waizunguke, bora anunue picha.