Hatifungani Hailipi Mshahara

Mwaka 1994 wapiga kura wa Seattle, Marekani, waliombwa kuidhinisha hatifungani ya dola milioni 155 kwa ajili ya maktaba zao. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliokataa, na bado pendekezo likaanguka. Deni la namna hii hulipwa kwa nyongeza ya kodi ya majengo, na sheria za jimbo la Washington zinataka asilimia 60 ya kura. (Mradi wa maji, kama ule wa Tanga uliouza hatifungani mwaka 2024, huwalipa wadai kwa ankara za wateja. Maktaba haimtumii msomaji ankara. Mzigo humwangukia mwenye nyumba.)

Mwaka 1998 jiji likarudi na ombi kubwa zaidi, dola milioni 196.4. Likapita kwa takriban asilimia 69. Mkuu mpya wa maktaba, Deborah Jacobs, alikuwa amezunguka mitaani kuwasikiliza watu, na mpango ukagusa kila tawi: hili linajengwa upya, lile linakarabatiwa au kupanuliwa. Mkazi wa pembezoni akaona analipia pia mlango wa mtaani kwake, si kasri la katikati ya jiji peke yake. Nadhani kura zilipatikana hapo.

Kasri nalo likasimama. Maktaba Kuu aliyoibuni Rem Koolhaas, ghorofa 11 za kioo na chuma, ilifunguliwa Mei 2004. Matawi yakakamilishwa moja moja hadi 2008. Gharama yote ilifika kama dola milioni 290, kwa hiyo michango ya wahisani ilikuwa ya lazima, wala haikuwa pambo.

Tatizo lilikuwa ndani ya fedha zenyewe. Za hatifungani ni za kujengea tu. Haziruhusiwi kumlipa mkutubi, mfagizi wala bili ya umeme. Hayo yote hutoka bajeti ya kila mwaka ya jiji, na eneo la maktaba la kuhudumia lilikuwa limeongezeka sana. Uchumi ulipoyumba, mwaka 2009 maktaba zote zilifungwa wiki nzima, wafanyakazi wakaenda likizo bila malipo. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na matawi mengi yakapunguziwa saa.

Mwaka 2012 jiji likawaendea tena wapiga kura, safari hii likiomba tozo ya miaka saba, takriban dola milioni 123, kwa ajili ya saa za kufungua, vitabu na matengenezo. Wakakubali.