Kigong'ota Anatafuta Nini Ukutani?

Nyumba nyingi za Kwa Sadala hazina cha kumpa kigong'ota. Ukiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha ukashika ile inayopanda Masama, unapishana na kuta za tofali za saruji na za kuchoma, zilizopigwa lipu na kuezekwa bati. Mbao imebaki juu tu: kenchi, papi, na fishabodi inayozunguka ukingo wa paa. Fundi wa huku ukimuuliza habari za mchwa atakueleza hadi jioni. Ukimuuliza habari za ndege anayetoboa nyumba, hana la kukueleza, kwa sababu hajaitwa kwa kazi hiyo.

Lakini mbao haijatoka kabisa kwenye kuta za Kilimanjaro. Anayejenga vibanda vya wageni mlimani hupenda mbao tupu, maana ndiyo mgeni anayoitaka, na mashamba ya miti ya serikali ya West Kilimanjaro na Rongai yana misindano na misaipresi. Mfano mkongwe uko juu zaidi, njia ya Marangu: vibanda vya mbao vya Mandara na Horombo, vilivyojengwa kwa msaada wa Norway. Mandara iko mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu, na msitu huo ni kwao kigong'ota wa milimani, Dendropicos griseocephalus, mwenye kichwa cha kijivu na mgongo wa rangi ya zeituni. Anayejenga kwa mbao kwenye miteremko hii anamfuata ndege kwenye makazi yake. Basi ni vizuri ajue mapema wenzetu waliokwisha kusumbuliwa walifanya nini, kipi kilifaa na kipi kiliwala fedha bure.

Kisa kinachojulikana kuliko vyote hakihusu nyumba. Mwishoni mwa Mei 1995, chombo cha anga Discovery kilikuwa kimesimamishwa kwenye kituo cha Kennedy, Florida, kikingoja safari ya STS-70 iliyopangwa mwanzoni mwa Juni. Mafundi wengi walikuwa mapumzikoni kwa wikiendi ya sikukuu. Vigong'ota wa aina ya Colaptes auratus wakaliingilia tangi kubwa la nje la mafuta na kutoboa povu lake mashimo yapatayo 200, mengine madogo, mengine yenye upana wa sentimita 10 hivi.

Povu lile halikuwa pambo. Ndani ya tangi ilikuwa ikijazwa haidrojeni ya kimiminika katika nyuzi 253 chini ya sifuri, na oksijeni ya kimiminika katika nyuzi 183 chini ya sifuri. Povu likiwa na tundu, unyevu wa hewa uliganda pale kuwa barafu, na barafu ikibanduka wakati wa kuruka ingeweza kugonga vigae vilivyokikinga chombo na joto. Mashimo mengine mafundi hawakuweza kuyafikia pale uwanjani. Ikabidi Juni 8 chombo kizima kirudishwe ndani ya jengo lake kutengenezwa, na safari ikaanza Julai 13, 1995. Zaidi ya mwezi mmoja ulipotea kwa sababu ya midomo ya ndege.

Kwa mtu wa ujenzi, swali la kujiuliza hapa ni kwa nini mashimo yakawa mengi kiasi kile. Kigong'ota anayetafuta chumba cha kutagia huchimba mahali palipo laini kwa juu na penye kina cha kutosha ndani. Povu la tangi lilikuwa laini kuliko mti wowote mkavu, ila halikuwa na kina: sentimita chache tu, kisha alumini. Ndege anayechimba mahali kama pale hawezi kumaliza chumba, na akihama anakuta sehemu ya pili haina tofauti na ya kwanza. Ukuta wa nyumba uliofunikwa kwa kitu laini chembamba juu ya kitu kigumu una udhaifu uleule, na kuta za Ulaya na Marekani zilizopakwa lipu nyembamba juu ya mabamba ya povu nazo hutobolewa na vigong'ota.

Baada ya matengenezo, wahusika waliweka bundi wa plastiki, wakatundika puto zenye michoro ya macho, wakapanga watu wa kulinda na kupiga honi. Chombo kikaruka salama. Wengi wakisimulia kisa hiki huishia kumsifu bundi wa plastiki, na hapo ndipo wanapopotoka. Kazi pale ilikuwa ya wiki chache, na walinzi wenye honi walikuwepo. Mwenye nyumba anahitaji dawa itakayofanya kazi miaka 10 bila mlinzi.

Dawa ya namna hiyo ilitafutwa kwa utaratibu mjini Ithaca, jimbo la New York, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell. Emily Harding, Paul Curtis na Sandra Vehrencamp walikagua zaidi ya nyumba 1,000 za eneo lile, kisha wakajaribu njia sita zinazouzwa au kushauriwa sana: bundi wa plastiki wa ukubwa halisi, macho ya plastiki yaliyotungwa kwenye uzi, utepe unaong'aa, sanduku la ndege kulala, chakula cha mafuta kilichotundikwa ili kumvuta ndege mbali na ukuta, na kipaza sauti kinachotoa kilio cha kigong'ota aliyekamatwa kikifuatiwa na mlio wa mwewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Masanduku na chakula havikuzuia uharibifu. Vitisho vingi vilizoeleka. Ni utepe tu uliofanya kazi kwa kiasi cha kutegemewa, nao uliondoa uharibifu kwenye nusu ya nyumba ulikofungwa.

Nusu! Hiyo ndiyo njia iliyoshinda zote.

Ukaguzi wao wa nyumba ulikuwa na faida kubwa kuliko hata majaribio ya vitisho. Nyumba za rangi ya kahawia na za rangi ya mbao yenyewe ziliharibiwa zaidi ya zile nyeupe au za rangi nyepesi. Mbao laini na plaiwudi yenye mifereji ziliharibiwa zaidi ya kuta za alumini au plastiki. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ulinzi huamuliwa siku ya kununua vifaa na rangi, kabla ndege hajaonekana.

Hiyo plaiwudi yenye mifereji inastahili kutazamwa kwa karibu. Plaiwudi ni tabaka za mbao nyembamba zilizobandikwa moja juu ya nyingine, na tabaka za ndani mara nyingi huwa na nafasi mahali vipande viwili visipokutana vizuri. Kiwandani, mfereji wa urembo unapokatwa kutoka juu kwenda chini, hupita kwenye nafasi hizo na kuziachia mdomo wazi. Nyuki wakata-majani huingia humo, hutaga, na kuziba kwa vipande vya majani. Nje huoni kitu. Kigong'ota hugonga, husikia uwazi, hutoboa, hula buu, husogea kidogo, hutoboa tena. Mwisho wake ukuta una mstari wa matundu madogo ulionyooka sawasawa kutoka upande hadi upande, kwa kuwa ndege ameufuata ule mwanya ulalao ndani ya ubao. Anayeona mstari huo akakimbilia kununua bundi ameshughulikia ndege na kuacha ghala la chakula likiwa wazi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma alama. Matundu madogo mengi, hasa yenye mpangilio, ni ya chakula. Tundu moja kubwa la mviringo, chini ya ukingo wa paa, lenye vipande vya mbao vilivyodondoka chini, ni la chumba cha kutagia au kulala. Mdundo wa haraka, wa mfululizo, juu ya bati au gata, usioacha shimo la maana, ni tangazo: dume anawajulisha wenzake mpaka wake na kumwita jike, naye huchagua kitu kinachovuma kuliko vyote. Bati tupu juu ya kenchi huvuma vizuri mno. Mdundo wa namna hiyo hauvunji nyumba, unakatisha usingizi tu, na huisha msimu wa kuzaliana ukipita.

Wapo wanaodhani kugonga kunamuumiza, kwamba akipata mbao ngumu zaidi ataacha. Mwaka 2022 kundi la Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp lilipima kwa kamera za kasi mwendo wa kichwa cha vigong'ota wa aina tatu. Fuvu halikuonyesha kufyonza kishindo. Lilifanya kazi kama nyundo ngumu, na ubongo unasalimika kwa sababu ni mdogo. Nguvu yote inafika kwenye mti. Kinachomshinda ndege huyu ni kitu kisichochimbika kabisa, yaani saruji na chuma.

Turudi Kwa Sadala. Kigong'ota wa kawaida wa mashambani huku ni mdogo, Dendropicos fuscescens, wa sentimita 15 hivi, nusu ya urefu wa yule wa Florida. Hupekua matawi membamba, hata mabua ya mahindi, na chumba chake hukichimba kwenye mti uliokufa au kuoza. Mbao nzima, kavu, isiyo na wadudu, haina ladha kwake. Mbao iliyobunguliwa ni habari nyingine. Fishabodi ya saipresi iliyopigwa misumari ikiwa mbichi, ikapasuka jua la kwanza na kunyonya maji ya masika nyuma ya gata linalovuja, inalainika hadi kufikia uwezo wa mdomo wake. Yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa kenchi naye huacha mabuu ndani ya mfereji wake, na huko Marekani vigong'ota wanajulikana kwa kuipasua mifereji ya nyuki wa jamii hiyo ili kuyafikia.

Hapa ndipo dawa ya mbao inapoingia, na mipaka yake isemwe wazi. Wengi hupaka oili chafu. Oili hukaa juu juu, na mara nyingi kichwa cha ubao, sehemu inayonyonya maji kuliko zote, huachwa mkavu. Mbao iliyoshindiliwa dawa kiwandani ni bora sana, ila fundi akiikata anafungua moyo usio na dawa, naye asipoupaka mkato huo amerudi alikotoka. Hata ikifanywa vizuri, dawa huondoa wadudu tu. Nguzo za umeme za Marekani zilizotiwa dawa bado hutobolewa na vigong'ota wanaotafuta chumba, kwa kuwa aliyekuja kutafuta nyumba hakuja kula.

Kwa huyo wa chumba, kinachofaa ni kizuizi. Ushauri wa miaka mingi wa wataalamu wa Marekani ni wavu wa matundu ya sentimita 2 hivi, ufungwe kutoka ukingo wa paa hadi chini ya sehemu inayoshambuliwa, ukae mbali na ukuta angalau sentimita 7 au 8 ili mdomo usifike, na pande zake zifungwe asije ndege akanaswa ndani. Kwenye fishabodi, bati bapa lililokunjwa na kupakwa rangi ya nyumba ni rahisi zaidi na linakinga mvua pia. Tundu lililokwisha kuchimbwa lizibwe kwa kipande cha mbao na gundi, si kwa karatasi, kwa sababu tundu lililo wazi humwalika anayefuata. Kwanza lichunguzwe: kama lina makinda, kazi ingoje watoke.

Rangi nayo ifikiriwe upya. Vanishi inayoonyesha nyuzi za mbao inapendeza, na mwenye kibanda cha wageni huilipia kwa furaha, lakini kwa ushahidi wa Ithaca ndiyo inayoufanya ukuta ufanane na mti. Rangi nyepesi ni ulinzi usioongeza gharama.

Manati na sumu havimo kwenye hesabu hii. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda mnyamapori, na ndege wa porini wamo. Ipo pia hesabu ya shamba. Mwaka 2014 Alice Classen na wenzake walichapisha jaribio walilofanya hapa hapa Kilimanjaro kwenye mikahawa 180, kuanzia vihamba vya asili hadi mashamba makubwa yasiyo na kivuli. Mikahawa iliyofunikwa wavu ili ndege na popo wasiifikie ilipungukiwa na uzazi wa matunda kwa takriban asilimia 9. Kipimo hicho ni cha ndege na popo wote kwa pamoja, lakini kigong'ota ni miongoni mwa wachache wenye chombo cha kumfuata buu chini ya gamba, na mwenye kihamba aliyewahi kupoteza mikahawa kwa bungua wa shina anajua uchungu wake.

Kwa anayeanza kusikia mdundo kwenye ukuta wake wa mbao wiki hii, mpangilio wa kazi ni huu. Siku hiyohiyo atundike tepe za kung'aa zinazochezeshwa na upepo mbele ya sehemu inayogongwa, maana ndege ambaye hajachimba kina hufukuzika kirahisi kuliko aliyekwisha kuhamia. Tepe zimnunulie muda wa siku chache. Ndani ya siku hizo apande ngazi na bisibisi, achome ubao kila baada ya hatua moja, asikilize ulipo uwazi na kutazama panapotoka unga wa mbao. Ubao unaoingilika kwa bisibisi ubadilishwe, gata linalovuja juu yake lizibwe kwanza, na mbao mpya ipakwe dawa kwenye vichwa vyake kabla haijapandishwa juu.