Isale Kaburini: Fani ya Kivuli

Mchaga huzikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo, na kihamba ni mahali pa kivuli. Juu hutanda miringaringa, chini yake migomba, kisha mibuni iliyofika na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na ardhini magimbi. Anayetaka kupandia kaburi mahali kama hapo anaongeza ubeti kwenye utenzi ambao waliotangulia walikwisha kuuwekea vina.

Wengi tunakosea kwa kupenda ua. Bogenvilia iliyopandwa chini ya migomba, kando ya kaburi la vigae vyeupe, hurefuka ikililia jua. Hutoa miiba na majani tele, maua ya kuhesabu. Waridi nalo hukonda. Mche hauna kosa. Kosa ni la fani: rangi iliyotungwa kwa ajili ya uwanda wa jua imelazimishwa kunong’onezwa gizani.

Isale, aina ya dracaena, limezaliwa chini ya miti ya msituni. Kazi yake yote huifanya kwa jani: refu, umbo la upanga, lakini laini na lenye kuinama, moja juu ya jingine kuzunguka shina. Takriri ndiyo fani yake, na takriri haihitaji jua. Ndiyo maana isale moja pekee kaburini huonekana limesahauliwa hapo, ilhali safu ya masale huonekana imekusudiwa.

Maana yake hutegemea lilipo. Likisimama mpakani, linasema huku kwangu, kule kwako. Likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, linaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Zamani mafuvu ya wazee yalifukuliwa baada ya muda, yakahifadhiwa kihambani penye masale. Kwa hiyo isale si geni kwa wafu, na kaburini maana zote mbili husomeka kwa pamoja, mpaka na samahani. Uzuri wa usomaji huo, kwangu mimi, ni kwamba jani halisemi nani alimkosea nani. Aliyelala anaomba, au aliyesimama?

(Isale hilohilo hukaa ndani ya chungu cha plastiki kwenye ofisi nyingi za mjini, karibu na meza ya mapokezi. Neno limechomolewa kwenye sentensi yake.)

Sifa nyingine ni ya upandaji, nayo ndiyo inayonishawishi kuliko zote. Kipande cha shina la isale kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huchipua. Basi mtoto anaweza kukata masale ya mpaka ambao baba yake aliupanda na kuyachomeka kaburini kwa baba huyo. La kaburini si mfano wa lile la mpakani, ni lilelile.

Anayetaka rangi lazima, na achukue Impatiens kilimanjari, ua dogo la rangi nyekundu na njano linalomea kwenye misitu ya Mlima Kilimanjaro na si kwingineko. Litambae miguuni pa kaburi, machache tu. Likizidi litageuka kibwagizo, na kibwagizo ni cha masale.

Nayo masale huchanua, ingawa si mara kwa mara: vishada vyeupe vinavyofunguka usiku na kutoa harufu nzito, saa ambayo waliokuja Krismasi kuzuru kaburi wamekwisha kurudi ndani kwenye pombe ya mbege.