Vibarua wa Moto: Urafiki wa Msimu katika Vitabu Vitatu vya Marekani

Katika majimbo ya magharibi ya Marekani msimu wa moto wa mwituni huanza aghalabu mwezi wa Mei au Juni, wala hauishi mpaka mvua na theluji ya kwanza zianguke. Kwa miezi hiyo Serikali huajiri maelfu ya vijana, wengi wao wanafunzi na watoto wa vijiji vidogo, ili wapambane na moto huo. Hawauzimi kwa mipira ya maji kama wafanyavyo wazima moto wa mjini. Aghalabu huunyima chakula: hukata miti na vichaka, hung'oa mizizi, hukwangua majani hata udongo mtupu uonekane, ukawa ukanda ambao moto ukiufikia hauna cha kula. Kisha hukaa siku nyingi wakipekua majivu kwa mikono, wakitafuta kaa lililojificha. Kazi hii imezaa fasihi yake. Vitabu vitatu vya fasihi hiyo vyafaa kupimwa pamoja, maana kila kimoja chajibu kwa namna yake swali moja: vijana wasiojuana, waliokutanishwa na mshahara wa miezi michache, huwa masahibu kwa njia gani, na usuhuba huo wafaa nini siku ya moto?

Kitabu maarufu kupita vyote ni Young Men and Fire cha Norman Maclean, kilichotolewa mwaka 1992, miaka miwili baada ya mwandishi kufariki. Maclean, aliyezaliwa mwaka 1902 na kukulia Montana, alikuwa kibarua wa Idara ya Misitu katika ujana wake, kisha akafundisha fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Chicago mpaka uzeeni. Kisa anachokisimulia ni cha tarehe 5 Agosti 1949. Siku hiyo vijana 15 waliruka kwa miavuli kutoka katika ndege, wakatua katika korongo liitwalo Mann Gulch, karibu na Mto Missouri. Huko walimkuta mlinzi mmoja aliyekuwa akipigana na moto peke yake, wakawa watu 16. Saa mbili hivi baadaye moto uliruka korongo, ukawakatia njia ya kuteremkia mtoni. Wakageuka na kuanza kupanda mlima wa majani makavu, nao moto ukawafuata kwa kasi iliyoshinda miguu yao. Mkubwa wao, Wagner Dodge, akawaamuru watupe zana. Kisha akafanya jambo ambalo hapana hata mmoja kati yao aliyepata kufundishwa: alipiga kiberiti, akayawasha majani yaliyokuwa mbele yake, akaingia katika majivu ya moto wake mwenyewe, akalala kifudifudi, huku akiwaita wenziwe wamfuate. Hakuna aliyemfuata. Watu 13 walikufa. Walipona Dodge, na vijana wawili, Walter Rumsey na Robert Sallee, waliopenya katika ufa wa mwamba wakafika upande wa pili wa mlima.

Msomaji aliyekulia katika mbuga za Afrika Mashariki, ambako wafugaji na wakulima huchoma majani mapema ili moto wa kiangazi usipate cha kula, hataona ajabu kubwa katika kiberiti cha Dodge. Hila hiyo haikuwa ngeni Marekani nayo. James Fenimore Cooper aliitia katika riwaya yake The Prairie mwaka 1827. Ajabu ni kwamba vijana wale hawakumwamini. Mtu aliyewasha moto mbele yao, hali moto mwingine uko nyuma yao, alionekana kuwa amerukwa na akili. Hapo ndipo penye fundo la kitabu chote, na ndipo Maclean anapostahili kusifiwa na kulaumiwa pia.

Sifa yake ni uaminifu wa mzee kwa wafu wasio jamaa zake. Aliianza kazi hii baada ya kutimiza miaka sabini. Alipanda mlima ule wenye mteremko mkali, akaenda pamoja na wale wawili waliopona ili waonyeshe walipopita, akaketi na wataalamu wa elimu ya moto huko Missoula kuhesabu mwendo wa moto na mwendo wa miguu hatua kwa hatua. Msomaji hupewa pembe ya mteremko, nguvu ya upepo, urefu wa majani, na mahali uliposimama kila msalaba. Hesabu zile hazichoshi, kwa kuwa kila tarakimu huuliza swali lile lile: je, kijana huyu alikuwa na nafasi ya kuishi? Hata mwisho, mwandishi anapokigusa kifo cha mkewe, kitabu hakigeuki kuwa cha machozi.

Lawama ni kwamba wafu wake hawasemi. Wengi wao hujulikana kwa mahali walipoanguka kuliko kwa lolote walilotenda walipokuwa hai. Msomaji hajui nani alikuwa mchekeshaji, nani alikuwa mvivu wa kuosha vyombo, nani alimkopa nani fedha. Maclean alizitaka roho zao katika dakika za mwisho, akayapita majuma yaliyotangulia. Na katika majuma hayo ndimo yalimo majibu aliyoyatafuta. Yeye mwenyewe ataja kwamba Dodge alikuwa amepewa kazi nyingine kituoni, hivyo hakufanya mazoezi pamoja na vijana wale mwanzoni mwa msimu. Na kwamba kikosi kile hakikuwa kikosi hasa, bali watu waliofikiwa na zamu. Jambo hili angelikaa nalo sura nzima, lakini alilitaja akaendelea na upepo. Mwaka 1993 Karl Weick, mtaalamu wa elimu ya mashirika, aliliokota katika makala yake juu ya Mann Gulch, akaonyesha jinsi kundi lisilojuana linavyovunjika mara lionapo jambo lisiloeleweka. Alitazama pia ile amri ya kutupa zana: mtu wa moto asiye na shoka wala sepetu ni nani tena, na mkubwa wake ni mkubwa wa nini? Amri ilikuwa ya haki, lakini iliwavua kazi yao, na pamoja na kazi ikawavua utii.

Kitabu cha pili, Fire on the Rim cha Stephen Pyne, kilitolewa mwaka 1989, nacho hakikupata nusu ya sifa za kile cha Maclean. Hilo ni kosa la wasomaji. Pyne alifanya kazi ya moto misimu 15, kuanzia mwaka 1967, katika upande wa kaskazini wa Grand Canyon, hali akisoma na kupata shahada ya udaktari katika vipindi vya baridi. Misimu yote 15 ameikusanya ikawa kama msimu mmoja, toka kuwasili kwa vijana hadi kutawanyika kwao. Hila hii ya usanii si ya bure. Yasema kweli moja juu ya maisha yale: kikosi hubaki kimoja ingawa watu wake hubadilika kila mwaka, kama mto ubakivyo mto ingawa maji yake hayasimami.

Katika Pyne moto mkubwa ni wa nadra. Moto wa kila siku ni mti mmoja uliopigwa na radi, mahali pasipo njia, na nusu ya kazi ni kuutafuta moshi wake msituni kwa ramani na dira. Siku nyingine hupita katika kunoa mashoka, kuondoa miti iliyoanguka barabarani, kugombana na wakubwa wa hifadhi, na kungoja. Kungoja ndiko kunakotengeneza kikosi. Mtu hujifunza ni nani atakayeamka usiku kumpokea mwenziwe zamu, ni nani atakayebeba mfuko wa maji wa aliyechoka bila ya kuambiwa, na ni nani atakayesema ameona moshi hali hakuona kitu. Pyne huyaandika haya kwa lugha yenye mapambo kupita kiasi, na pengine falsafa yake ya moto humzuia msomaji kuuona moto wenyewe. Lakini watu wake wanaishi. Mwisho wa msimu wanapofunga virago, msomaji aona uchungu ambao Maclean, pamoja na misalaba yake yote, hakuutia katika sehemu hiyo ya maisha yao.

Wa tatu ni Matthew Desmond, ambaye On the Fireline yake ya mwaka 2007 ni utafiti wa elimu ya jamii, wala si hadithi. Desmond alikuwa kibarua wa moto huko kaskazini ya Arizona kabla ya kuwa mtafiti, akarudi kwa wenziwe akiwa na daftari. Swali lake ni kwa nini mtu aichague kazi iwezayo kumwua. Jibu lake lapinga dhana iliyozoeleka: vijana hawa hawatafuti hatari wala ushujaa. Wamelelewa shamba, wameshika shoka, msumeno na bunduki tangu utotoni, na kambi ya moto huwapokea kama nyumba waliyokwisha kuizoea. Idara huichukua tabia hiyo waliyokuja nayo, ikaongeza juu yake mafundisho kwamba moto hauui mtu afuataye sheria. Sheria zenyewe ni amri kumi zilizowekwa mwaka 1957, pamoja na orodha ya mambo 18 ya kujihadhari nayo. Kila kibarua huzisoma.

Sehemu bora ya kitabu hiki ni ile ya mizaha. Vijana wale hutukanana mchana kutwa, hucheka lafudhi na asili ya wenzao, hushindana kwa nguvu na kwa maneno, wala hapana anayeruhusiwa kukasirika. Msomaji wa Kiswahili ana neno kwa jambo hili ambalo Desmond hakuwa nalo: utani. Neno hilo, hata hivyo, laonyesha pia upungufu. Katika utani wa makabila ya bara na mrima, mtani anayekutukana ndiye mwenye kazi matangani kwako. Mzaha wake ana haki nao kwa kuwa siku ya msiba hawezi kukosekana. Utani una deni, na deni hulipwa kaburini. Katika kambi ya Desmond mzaha upo, ila deni limetoweka. Mzima moto afapo, hata aliyekuwa na sifa, wenziwe hutafuta ni amri ipi aliyoivunja. Hawafanyi hivyo kwa ukatili. Wamefundishwa kwamba moto hauui mwenye kutii, na ikiwa marehemu hakukosa, basi wao nao wanaweza kufa kesho. Hivyo humhukumu mwenzao ili wapate usingizi. Desmond alieleza hili bila ya kupaza sauti, na hapana ukurasa mzito kuliko huo katika vitabu vyote vitatu.

Hata hivyo mhakiki akitaka kusema kwamba usuhuba wa siku nyingi ndio kinga, tarehe 30 Juni 2013 itampinga. Siku hiyo, karibu na Yarnell, Arizona, kikosi cha Granite Mountain cha mji wa Prescott kilipoteza watu 19 kati ya 20; aliyesalia alikuwa mlinzi aliyewekwa mahali pengine. Hawa hawakuwa watu wa zamu. Walifanya mazoezi pamoja, walikula pamoja, walimjua mkubwa wao. Hakukimbia hata mmoja peke yake. Walikutwa mahali pamoja, na vihema vyao vya kukingia moto. Filamu iliyotengenezwa juu yao mwaka 2017, Only the Brave, iliufanya umoja huo kuwa utukufu. Vitabu vitatu hivi vyatia shaka juu ya utukufu huo. Kwa Mann Gulch na Yarnell zikitazamwa pamoja, kujuana hakukuokoa wala kutojuana hakukuua kwa peke yake. Moto hausomi tabia za watu. Kilichotofautiana ni namna ya kufa, na hilo ni jambo ambalo elimu ya jamii hailipimi na hesabu za upepo hazilifikii.

Ndiyo maana Maclean, pamoja na kasoro iliyotajwa, hawezi kuwekwa kando. Kuna mahali pamoja katika kitabu chake ambapo hakuhitaji hesabu. Rumsey na Sallee, huyu wa pili akiwa na miaka 17 tu, walikuwa wamekwisha kupita ufa wa mwamba. Rumsey akaanguka katika kichaka, nguvu zimemwishia, wala hakutaka kuinuka tena. Sallee akasimama akamtazama. Rumsey akainuka.