Pedi Kumi na Sita

Jirani yangu wa Kihonda, Morogoro, alianza kuipiga mashine yake ya midundo kabla hajaimiliki. Alichukua kipande cha boksi la friji, akachora miraba kumi na sita, minne kwa minne, akakibandika mezani kando ya kompyuta. Jioni, wateja wakishaondoka studio, anavaa hedifoni na kulichapa boksi lile kwa vidole vya mikono yote miwili. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kiki, shahada ya kulia ilikuwa snea, na vilivyobaki aliendelea kuvitafutia kazi. Wapita njia waliochungulia dirishani walimcheka. Mimi pia nilicheka siku ya kwanza.

Mashine aliyoitaka ni MPC, sanduku bapa lenye pedi kumi na sita za mpira juu yake. Unairekodia sauti yoyote, unaikata, kila kipande unakiwekea pedi yake, kisha unapiga kama ngoma. Ya kwanza, MPC60, ilitoka mwaka 1988, imebuniwa na Mmarekani Roger Linn kwa ajili ya kampuni ya Akai ya Japani, na nasaba yake inatengenezwa hadi leo. Jirani yangu ni prodyuza. Anatengeneza bongo fleva, kaswida, nyimbo za kwaya, na matangazo ya maduka ya Msamvu mwezi ukiwa mgumu. Kazi zote hizo alizifanya kwa kompyuta na FL Studio, kama walivyo maprodyuza wengi nchini, akipanga midundo kwa kubofya vijisanduku kwa mausi. Hakuwa na ugomvi na programu hiyo. Alichokosa ni mikono.

Nilipomuuliza kwa nini mashine hiyo na si nyingine, hakunitajia sifa zake. Alinifungulia Morogoro Jazz.

Wasomaji wa mji kasoro bahari hawahitaji kukumbushwa, ila wageni wajue: mji huu mdogo chini ya Uluguru uliwahi kuwa na bendi mbili zilizosikika Afrika Mashariki nzima. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Miaka minne baadaye Salum Abdallah akaanzisha kundi lililokuja kuitwa Cuban Marimba. Mbaraka Mwinshehe aliingia Morogoro Jazz akiwa kijana katikati ya miaka ya 1960, mwaka 1970 akapiga gitaa katika maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, na mwaka 1973 akatoka kwenda kuanzisha Super Volcano. Jirani yangu hakuwa ananisikilizisha gitaa lenyewe. Alinitaka nisikilize jinsi ngoma na besi vinavyosukumana: moja inatangulia kwa unywele, nyingine inafuata, na hakuna inayokaa juu ya mstari. "Hii huwezi kuibofya, kaka," aliniambia. "Ukiibofya inakuwa jeshi linapiga kwata."

Sasa, MPC ina kitu ambacho watengenezaji wa midundo wamekisifia kwa miaka mingi. MPC60 iligawa kila pigo vipande 96, na Linn akaweka kitufe cha kuchelewesha pigo la pili katika kila jozi ya mapigo madogo. Kwenye asilimia 50 mdundo umenyooka kama rula. Ukipandisha hadi 66 hivi, unapata mtikisiko wa mbili kwa moja, ule unaofanya bega liinuke lenyewe. Kati ya hapo na hapo kuna nafasi nyingi, 54, 58, 62, na kila moja inatembea kwa namna yake. Jirani yangu alikuwa na daftari. Upande wa kushoto aliandika majina ya nyimbo za zamani, kulia namba aliyodhani inaukaribia mwendo wa kila wimbo, nyingine zimekatwa na kuandikwa upya hadi karatasi imetoboka. Wakati huo mashine bado iko dukani.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Wengi wetu tunadhani muziki unaanza chombo kikishafika, na kwamba kununua ni shughuli ya pesa tu. Yule bwana alikuwa keshaanza kazi. Kuchagua chombo kwake kulikuwa sehemu ya utunzi: alishajua ni swali gani anataka kukiuliza, na kama kisingeweza kujibu asingekinunua hata kingeuzwa bei ya karanga.

Wazee wa bendi hawakuwa na hiari hiyo. Katika bendi nyingi za Tanzania wakati ule vyombo vilikuwa mali ya klabu, ya shirika au ya tajiri mwenye bendi. Mwanamuziki akihama anaondoka na vidole vyake, gitaa linabaki jukwaani. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipoadimika, kuagiza amplifaya mpya kukawa mtihani, na mafundi wakawa wanafufua za zamani. Kwa hiyo walijifunza kupiga kilichopo mpaka kikakubali. Kijana wa leo ana bidhaa za dunia nzima kwenye simu, na naamini uhuru huo umewaharibia wengi masikio. Nimeingia studio zenye vinanda vitatu vya bei mbaya, vyote vinatoa sauti zilezile zilizotoka nazo kiwandani.

Kuna mfano mwingine alioupenda, na ninauleta kwa sababu ni wa kwetu. Casio ilikuwa kampuni ya mashine za kukokotoa hesabu kabla haijaingia kwenye vinanda. Mwaka 1981 ilitoa kinanda kidogo, MT-40, chenye midundo iliyopangwa tayari, na aliyeipanga ni mtumishi wake kijana, Okuda Hiroko. Mdundo mmojawapo ukadakwa Jamaika mwaka 1985 na kuugeuza kabisa muziki wa rege kupitia wimbo wa Wayne Smith. Dar es Salaam nako vijana wa muziki wa mchiriku walikamata Kasio ndogo za namna hiyo, wakazipitisha kwenye amplifaya kuukuu na spika za tarumbeta mpaka sauti ikachanika. Jagwa Music walitoka na sauti hiyo uswahilini hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na albamu yao *Bongo Hotheads* ikatolewa Ubelgiji mwaka 2012. Wapo wanaosema mchiriku ulichanika kwa umaskini wa vifaa. Sikubaliani nao. Ukisikiliza vizuri utagundua mpiga Kasio anajua ni wapi sauti itapasuka, na anaisubirisha mpaka pale anapoitaka.

Siku ya kununua ilipofika tulipanda treni ya SGR, ile iliyoanza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa Kariakoo. Mashine ilikuwa imetumika, imeletwa na ndugu wa muuzaji kutoka Dubai. Ilikuwa MPC Live, na aliichagua aina hiyo kwa sababu ina betri ndani: umeme ukikatika msanii akiwa katikati ya ubeti, kazi haipotei. Muuzaji alikuwa na haraka. "Kaka, hii haina shida, washa uondoke." Jirani yangu akamjibu, "Nipe muda, mkubwa wangu," akavuta kigoda.

Aliikagua kama mnunuzi wa ng'ombe anavyotazama meno. Kwanza alivaa hedifoni, akapandisha sauti hadi mwisho bila kupiga chochote, akafumba macho kusikiliza kama kuna mvumo. Akazungusha kila kitufe taratibu, akitafuta mkwaruzo. Akaichapa kila pedi mara tatu, kwa nguvu tatu tofauti, kwa sababu pedi iliyochoka husikia pigo kubwa na kuwa kiziwi kwa dogo. Ya pembeni kulia, chini, ilisita kidogo. Hakusema kitu, akairudia, akaitaja bei yake. Alikuja na waya zake mwenyewe, akachomeka kila tundu. Mwisho aliizima, akaiwasha kwa betri peke yake, akaagiza chai. Tulikaa pale hadi muuzaji akaacha kutuharakisha na kuanza kuuliza maswali, maana naye hakuwa akijua bidhaa yake inafanya nini.

Nyumbani hakukimbilia kutengeneza wimbo. Alifuta sauti zote za kiwandani. Suala la kukata vipande vya rekodi za Mbaraka alishalimaliza kwenye daftari: zile ni mali ya watu, zina hakimiliki, na zaidi ya hapo, alisema, ukichukua ngoma ya mwenzio unachukua na chumba alichorekodia. Akamwita mpiga ngoma mmoja mtu mzima wa Mwembesongo, wakatundika mablanketi ukutani, wakarekodi kila ngoma katikati ya ngozi, ukingoni, na ikiwa imezibwa kwa kiganja. Mzee alishangaa kuambiwa apige mara moja tu kisha anyamaze. "Mwanangu, hii si ngoma, hii ni kuhesabu," alisema, lakini alikubali. Walipomaliza, kijana akavipanga vipande kwenye pedi kwa mpangilio uleule wa boksi la friji, akamsogezea mzee mashine ajaribu. Mzee aliipiga kwa viganja vyote viwili. Ilibidi azuiwe kwa upole.

Kwaya moja ilikuja wiki hiyo ikitaka wimbo wake upigwe kwa chombo kipya. Aliwakatalia, akawatengenezea kwa kompyuta kama kawaida, bei ileile. Aliwaambia yeye na mashine bado hawajazoeana.

Sasa hivi kinachomkosesha raha ni pedi ya kumi na tatu, iliyotengwa kwa ajili ya kayamba. Ameirekodi kwa karibu, ikawa kali mno. Ameirekodi kwa mbali, ikaleta mwangwi wa bati. Ameambiwa kuna fundi upande wa Bigwa anayetengeneza kayamba zenye mbegu ndogo zaidi, na Jumamosi anapanda huko na maiki begani.