Ushonaji wa Shanta la Kamera

Shanta la kubebea kamera huuzwa kwa rangi na wingi wa mifuko yake, ilhali kwa mpiga picha anayefuata michezo ya nje huko Matungu, katika Kaunti ya Kakamega, hilo ni kazi ya fundi ambayo ubora wake umo ndani, mahali ambapo mnunuzi hutazama kwa nadra. Hatari za Matungu si majabali wala theluji. Ni mvua ya alasiri inayokuzwa na unyevu wa Ziwa Victoria, ni vumbi la barabara za changarawe zinazosagwa na matrekta ya miwa wakati wa kiangazi, na ni mtikisiko wa bodaboda inayomfikisha mpiga picha kwenye mechi ya raga huko Koyonzo au, akisafiri hadi Khayega, kwenye mapigano ya mafahali ya jamii ya Waisukha, ambako umati hukimbia pamoja na fahali na mwenye kamera hana budi kukimbia nao.

Uzito wa uzi wa kitambaa hutajwa kwa denia, yaani idadi ya gramu katika mita 9,000 za uzi, kwa hiyo uzi wa denia 1,000 huwa na kilo moja kwa urefu huo. Nailoni nzito hustahimili mikwaruzo, lakini haizuii maji kwa uzito wake. Kinachoyazuia ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa upande wa ndani, ambao kwa miaka ya joto na unyevu huanza kunata na kubanduka. Hata utando ukiwa mzima, kila mahali sindano ilipopita pana tundu, na ndiyo sababu fundi mzuri huuweka mshono mbali na mkondo wa mvua, huziba kingo za ndani kwa utepe, na huifunika zipu kwa ukingo mpana wa kitambaa.

Ustadi wenyewe, hata hivyo, hudhihirika zaidi pale mkanda wa bega unapoungana na mwili wa shanta. Lenzi moja ya milimita 70 hadi 200 inayopendwa na wapiga picha za michezo huweza kufikia kilo moja na nusu, na ikijumlishwa na kamera mbili na lenzi nyingine, mshono huo hubeba kilo kadhaa ambazo huongezeka nguvu kila bodaboda inapotumbukia shimoni. Fundi anayeijua kazi huupenyeza mwisho wa mkanda ndani kabisa ya pindo, hushona mraba uliokatwa na msalaba, kisha humalizia kwa mshono mfupi mnene unaokwenda na kurudi mahali pamoja ili uzi ukikatika upande mmoja usifumuke wote. Hatua za sindano zikikaribiana mno, kitambaa hutobolewa hadi kuchanika kwa mstari. Zikiachana mno, mshono hufunua mdomo. Uzi wa juu na ule wa bobini hupaswa kukutana katikati ya matabaka, bila vitanzi kuning'inia chini, na usiwe wa pamba, kwani pamba huoza katika unyevu. Mnunuzi anayeligeuza shanta na kupitisha kidole kwenye mishono hii hupata habari ambayo kibandiko cha bei hakiwezi kumpa.

Inafaa kukumbuka kwamba ufundi huu ulikuzwa na wabebaji wenyewe: katika miaka ya 1970, Greg Lowe, mpanda milima wa Marekani, alibuni mifuko laini ya kamera yenye sponji, na Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, akabuni mkoba wa turubai uliochukua nafasi ya masanduku magumu.

Sponji nayo ina aina mbili. Ile ya magodoro ina vitundu vilivyounganika, hufyonza maji na hulala baada ya muda mfupi. Inayofaa ni ile ambayo kila kitundu kimefungwa peke yake, ambayo hainywi maji na hurudi katika umbo lake baada ya kubonyezwa kwa kidole gumba. Iwepo chini ya shanta pia, maana shanta huwekwa chini mara nyingi kuliko linavyoanguka. Mlango ulio upande wa mgongo ni bora, kwa sababu shanta likilazwa kifudifudi kwenye tope, upande unaogusa nguo na jasho hubaki safi, na katika umati hakuna mkono mgeni unaoweza kulifungua likiwa limevaliwa.

Shanta linalozuia maji yasiingie huzuia pia unyevu usitoke, na kuvu huota kwenye vioo vya lenzi. Hivyo huhitaji vifuko vya jeli ya silika, chembe zinazonasa unyevu, na kuachwa wazi mahali pakavu baada ya kazi. Zipu huharibika kabla ya kitambaa, hasa kwa vumbi. Kwa mkazi wa Matungu, basi, sifa ya kutafutwa hata kabla ya wingi wa mifuko ni bitana iliyoshonwa kwa namna inayoweza kufumuliwa na kurudishiwa, ili fundi cherehani wa soko la karibu aweze kuibadilisha zipu bila kuikata sponji.